Spika Mbili za Ghorofani

Mimi ni mwoga. Naliandika hili mwanzo kabisa, kwa sababu watu wanaoikumbuka miaka ile huwa wanajikumbuka mashujaa, na mimi nikiwasikiliza najiuliza wale waoga tuliokuwa tukipishana nao vichochoroni walikwenda wapi. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa fundi wa redio katika Mji Mkongwe, na tangu mwaka wa sitini na nne mpaka siku ninayotaka kuisimulia, sikumbuki kufungua mlango wa duka bila ya kwanza kuchungulia kushoto na kulia.

Duka lilikuwa chumba kimoja cha chini, na mimi na mama tukiishi juu yake. Redio ikiletwa, kazi yangu ya kwanza haikuwa kuifungua, ilikuwa kuuzungusha mshale wa stesheni. Kila redio iliyoharibika ilifika mshale wake umesimama pale pale ilipozimikia, na anayejua kuusoma uso wa redio angejua mwenyewe jana alikuwa akisikiliza nini. Wengi walikuwa wakisikiliza redio za nje, na siku zile hilo lilikuwa jambo la mtu kuitwa akaulizwa. Basi mteja akitua redio mezani, mdomo wangu ulikuwa ukimwamkia na mkono wangu ukiupeleka mshale kwenye stesheni ya nyumbani. Hatukuambiana kitu. Mafundi wote tukifanya hivyo, na wateja wakijua kuwa tunafanya. Niliwajua majirani zangu wote kwa mishale yao, na siri hizo nilikaa nazo mwenyewe, hata mama sikumwambia.

Mama naye alikuwa na yake. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameondoka asubuhi moja na kikapu mkononi, akasema anakwenda Bububu kwa shangazi kuangalia minazi. Hakurudi. Alikuwa amevuka bahari kwenda Mombasa, na kuondoka kisiwani bila ya ruhusa lilikuwa kosa ambalo walioachwa nyuma ndio waliolilipia. Kwa hiyo sisi tulishikilia kuwa yuko Bububu. Kila Ijumaa mama akipika chungu cha wali na mchuzi wa samaki, akakipeleka kwa basi mchana kweupe, ili mtaa mzima uone mzazi anavyomhangaikia mwanawe. Shangazi alinenepa mwaka ule. Nani alimvusha kaka, mama hakuniambia, nami sikuuliza, kwani nilijijua: nikibanwa kidogo tu ningetapika kila nilichonacho.

Vichochoro vitatu kutoka kwetu palikuwa na nyumba kubwa ya ghorofa, akikaa mkubwa mmoja wa serikali. Nitamwita mheshimiwa, kama tulivyokuwa tukimwita mbele yake. Kazi yake watu hawakuitaja lakini walikuwa wakiijua: kujua nani ameondoka, nani anataka kuondoka, na nani anawasaidia. Na nyumba hiyo ndiyo mama aliyokuwa akiingia kila siku baada ya adhuhuri. Mama alikuwa mshonaji wa kofia, zile za mkono zenye vitobo vidogo vidogo, na mke wa mheshimiwa, ambaye sisi tukimwita Bi, aliipenda kofia yake na alizidi kuyapenda mazungumzo yake. Nilimsihi mama aache kwenda. Alisema akiacha ghafla ndipo watu watakapouliza kwa nini. Kila akitoka na kitambaa chake nilikuwa sishiki kazi mpaka nisikie ndara zake kwenye ngazi.

Mwanzo wa miaka ya sabini, Jumamosi moja, dereva wa mheshimiwa alisimama mlangoni kwangu akasema neno moja, "Unaitwa." Sikuuliza kwa nini. Nilitia vyombo vyangu kwenye mkoba, vyote, hata vile nisivyovihitaji, nikachukua na waya mrefu uliokuwa ukining'inia ukutani, kama mtu anayehama. Njiani nilikuwa nikisoma kila aya ninayoijua na nyingine nilikuwa nikizichanganya.

Kumbe niliitiwa muziki. Mheshimiwa alikuwa na ndugu yake baharia aliyerudi kutoka Japani, na ndugu huyo alimletea mashine mbili za kupigia santuri achague moja, nyingine apewe mtu mwengine. Zote mbili zilikuwa chini ukumbini, juu ya mkeka, bado zina majani makavu ya masanduku zilimotokea. Moja ilikuwa stirio, yenye spika mbili. Ya pili ilikuwa kubwa kuliko meza yangu ya kazi na ilikuwa na spika nne. Nilikuwa nimeona picha yake katika gazeti la mafundi, sikuwahi kuiona kwa macho. Mbili huwekwa mbele yako na mbili nyuma, na wewe unakaa katikati, fidla inakulia mbele na watu wanapiga makofi mgongoni.

Mheshimiwa hakuwa peke yake. Alikuwapo mkubwa mwenziwe, mtu mwembamba mwenye miwani, na huyo nilimwogopa zaidi, kwa sababu mheshimiwa alikuwa akicheka na huyu hakucheka. Mheshimiwa aliniuliza kwa upole kabisa ipi nzuri.

Sasa, jibu nililijua tangu nilipovuka kizingiti. Nzuri ilikuwa ya spika mbili. Ile ya nne inataka santuri zake maalumu, ambazo zimetiwa sauti za njia nne, na kati ya santuri zote zilizokuwa mle ndani moja tu ilikuwa ya aina hiyo, ya kujaribia, iliyokuja nayo. Nyingine zote zilikuwa taarabu zetu na nyimbo za Misri, na hizo ukizitia katika spika nne unapata kilekile mara mbili. Tena ukumbi ule ulikuwa mrefu na mwembamba, kuta za mawe na chokaa, sauti ikitoka inagonga na kurudi. Spika nne mle ndani zingegombana. Fundi yeyote mwenye roho angesema hivyo kwa maneno mawili.

Lakini mimi niliangalia namna mheshimiwa alivyoliwekea mkono lile dude kubwa. Alilipenda. Nikawaza, nikimwambia kuwa zawadi ya ndugu yake kutoka Japani haifai, nimemtukana ndugu yake. Nikimwambia inafaa na isifae, nimemdanganya mkubwa wa serikali. Yule wa miwani akasema kuwa mtu wa cheo chake hawezi kukaa na spika mbili kama mwenye hoteli, na hapo nikajisikia nasema, "Hii ya nne, mheshimiwa, ndiyo yenyewe."

Uoga una akili zake, na ukishasema uongo mmoja unakuletea na la kuupambia. Nilijua kuwa spika mbili za nyuma zingeharibu sauti mle ukumbini, basi nikatafuta pa kuzipeleka. Katika nyumba zile wanaume wakikaa chini na wageni wao, na wanawake wakikaa juu. Muziki ukipigwa, wanawake wakishuka mpaka katikati ya ngazi, wakakaa nyuma ya pazia kwenye joto, wamebanana, ili nao wasikie. Nikasema, kwa nini tusizipandishe spika mbili za nyuma ghorofani, Bi na wageni wake wasikie wakiwa wamekaa kwa raha zao? Mheshimiwa alilipokea shauri hilo kwa furaha, akasema nina busara. Nilifurahi kwa kiasi cha dakika moja hivi.

Waya za spika zile zilikuwa fupi. Nilizikata nikaziunga na waya wangu mrefu, na ncha zake nikatia plagi za kutoka mkobani mwangu, zote mbili za namna moja kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Kupanda juu mimi sikuweza, maana walikuwapo wanawake wa watu. Mama, aliyekuwa huko na kofia yake, alitoka mpaka kwenye pazia na ushungi wake, akanipokea spika moja baada ya nyingine, akaenda kuziweka ninapomwelekeza kwa maneno. Kisha nilipiga magoti nyuma ya mashine, kwenye kipembe chenye giza baina yake na ukuta, nikachomeka plagi kwa kupapasa. Nikatia santuri nikasimama chini ya ngazi.

"Mama, inasema?"

"Inasema."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ninaweza kulitia kidole. Niliuliza kama inasema. Sikuuliza kama zinasema zote mbili. Mama hakuwahi kuona spika mbili za mashine moja maishani mwake. Alisikia muziki ghorofani, akajibu ukweli. Lau ningeweza kupanda ngazi zile kumi na kitu nikatia sikio langu mwenyewe, ningejua kuwa moja inaimba na nyingine bubu. Plagi ya ile bubu nilikuwa nimeichomeka katika tundu la pembeni, ambalo si la spika. Lilikuwa la maiki.

Kwa asiyejua, spika na maiki ni ndugu. Spika ina karatasi inayotikiswa na umeme ikatoa sauti. Ukiigeuza kazi, sauti ya mtu ikiipiga karatasi ile, inatoa umeme, na umeme huo ukipelekwa kwenye mashine unakuwa sauti tena. Nilipokuwa nikijifunza kazi tukicheza mchezo huo, mmoja anasema ndani ya spika chumba cha pili na wengine tunamsikia. Kwa hiyo sikio nililolitega ghorofani kwa mheshimiwa nililitega mwenyewe, kwa mkono wangu, na sikujua.

Nilipiga ile santuri ya kujaribia. Ilikuwa na sauti ya gari moshi. Lilianzia ukumbini, likatupita, kisha likapanda ghorofani, na tukasikia wanawake wanapiga ukelele na baadaye wanacheka mpaka wanakohoa. Mheshimiwa alicheka kama mtoto, akataka lirudiwe. Hata yule wa miwani alitabasamu kidogo. Akasema anazo santuri mpya za taarabu katika gari yake, akazifuate mwenyewe kwa sababu dereva atazivunja. Gari haiingii katika vichochoro vyetu, ilikuwa imeachwa uwanjani, mwendo wa kwenda na kurudi kama robo saa. Akatoka.

Mheshimiwa akataka kujifunza kuiendesha mashine yake. Nilimwonyesha swichi ya kuchagulia: hapa santuri, hapa redio, hapa tepu. Alikuwa akiizungusha kwa vidole viwili, tak, tak, akifurahia ule mlio wake. Mimi nilikuwa nimeinama kuifuta santuri. Akaizungusha mpaka mwisho, mahali pa maiki ambapo sikumwonyesha, na spika mbili za ukumbini, ambazo ndizo peke yake hutoa sauti ya maiki, zikavuma kidogo, kisha akasema mwanamke.

Ilikuwa sauti ya Bi, nzito kidogo, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Alikuwa akiuliza, "Umepata salamu zake?"

Na mama yangu akamjibu. Baadaye nilijua kuwa alikuwa ameegemea ile spika bubu, anashona. "Nshapata, Bi. Kafika Mombasa salama, na kazi keshapata. Mungu akulipe wewe na mdogo wako. Bila ya nyinyi mwanangu nani angemvusha?"

"Punguza sauti, bibi wee. Mdogo wangu ana watu wengine mwezi ujao."

Santuri ilikuwa mkononi mwangu na sikuiachia, lakini sijui niliishikaje. Nilitaka kuruka kuuvuta waya na sikuruka. Niliwaza mambo mengi kwa mara moja na yote yalikuwa ya mama: mama anashushwa ngazi zile, mama anasukumwa ndani ya gari na kofia haijesha. Sikumwaza kaka wala mimi mwenyewe, na hilo peke yake ndilo ninalojivunia katika siku ile.

Kisha nikamtazama mheshimiwa. Nilidhani nitamkuta ananitazama. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ametoa macho kwenye mlango aliotokea mwenziwe, na mkono wake ulikuwa bado juu ya swichi, unatetemeka mpaka pete yake inagonga kwenye chuma cha mashine. Mtu ambaye kazi yake ni kuwatafuta wanaovusha watu alikuwa amewapata, mkewe na shemeji yake, chini ya boriti zake mwenyewe. Alikuwa anaogopa. Na hofu yangu, badala ya kupungua, ilizidi, kwa sababu siku zote nilikuwa nikijiambia kuwa juu kule, kwao, kuna mahali ambapo hofu inakwisha.

Juu walikuwa wanaendelea, sasa wanazungumzia sukari. Tukasikia viatu katika ukumbi wa nje, na sauti ya mtumishi akimpokea mgeni santuri zake.

Mheshimiwa akaizungusha swichi. Ukumbi ukawa kimya.

"Stesheni gani hiyo?" akaniuliza, polepole, bado hanitazami.

Nilielewa. Sijui akili niliitoa wapi. "Sijui, mheshimiwa. Nshaipoteza."

"Basi usiitafute tena."

"Naam."

Yule wa miwani akaingia na santuri kifuani, akauliza mbona tumenyamaza. Mheshimiwa akamjibu kuwa fundi amebadilisha mawazo, anasema spika nne hazifai. Mgeni akanigeukia. Aliuliza, bila ya hasira, si mimi niliyezisifu sasa hivi? Hapo nilimweleza kila nilichoogopa kukisema mwanzo: kwamba zinataka santuri zake maalumu na hizi mpya alizoleta si za namna hiyo, kwamba ukumbi mwembamba na kuta zinarudisha sauti, kwamba mtu mwenye masikio mazuri atapata raha zaidi kwa mbili zilizopangwa sawasawa. Yote yalikuwa kweli. Ndiyo kweli ya kwanza niliyoisema katika nyumba ile, na niliisema kufunika kitu.

Mgeni alisikiliza, kisha akaenda nyuma ya mashine. Alikuwa mtu wa kuangalia mambo. Akainama, akashika waya zangu moja moja akizifuata kwa kidole mpaka ukutani, mpaka zinapopanda ngazi. Alifika kwenye ile ya pembeni.

"Na hii mbona iko peke yake?"

"Ya ardhi, bwana," nikasema. "Kwa ajili ya radi."

Aliitazama kidogo. Mheshimiwa alikuwa akijifuta shingo kwa kitambaa akilalamikia joto. Yule mtu akaachia waya, akajipangusa mikono, akasema huko kwao radi iliwahi kuua mbuzi watatu. Nikasema pole.

Nilidhani nitaruhusiwa kwenda. Sikuruhusiwa. Nilizing'oa spika zile, mama akanirejeshea kwenye pazia, na akaninong'oneza ati mbona nimezitoa na zilikuwa tamu. Nilifunga ile mashine ya spika mbili, nikazipanga vizuri kuliko nilivyowahi kupanga spika maishani mwangu, tukapiga santuri zote za mgeni, upande huu na huu. Ilisikika vizuri sana. Nyuzi za kanuni upande mmoja, fidla upande wa pili, mwimbaji katikati kama amesimama juu ya mkeka. Nililetewa maji ya ukwaju nikayashika mpaka yakapata moto. Hata leo nikisikia stirio nzuri, iliyopangwa sawasawa, mikono inanitoka jasho.

Karibu na magharibi mgeni aliaga. Mheshimiwa mwenyewe alinisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo si la kawaida kwa fundi.

"Lile kubwa chukua uende nalo, sitaki kuliona," akasema. Kisha akasema, "Mama yako nasikia miguu inamuuma."

"Naam, inamuuma."

"Basi apumzike. Asije tena."

Mahamali wawili waliibeba mashine ile vichochoro vitatu, na kila baraza tuliyoipita watu waliacha kahawa kutazama. Jioni hiyo hiyo mjumbe wa mtaa alipita kuuliza nimeipata wapi. Nilimwambia ni mbovu, nimepewa niitoe vipuri. Aliiangalia, akaniangalia, akaondoka, na mimi nikautia mlango komeo.

Mama nilimwambia nilipopata pumzi, dirisha limefungwa. Nilimwambia kuwa walichozungumza juu kilisikika chini, chote, na mheshimiwa alikuwapo. Alikaa sakafuni kama aliyekatwa miguu kweli. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Nani aliyetutegea?"

Hapa palikuwa na mahali pa kusema, ni mimi, mama, nilichomeka waya tundu silo. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Nikasema, "Sijui." Mama akamaliza mwenyewe: akasema bila ya shaka ni yule wa miwani, na kwamba masanduku yale yalikuja yakiwa na masikio ndani yake tangu huko yalikotoka. Sikumpinga. Nilikuwa nimechoka na kuogopa watu wengine, na nikagundua kuwa ninayemwogopa zaidi ni yeye, kwa namna atakavyonitazama.

Tulisubiri kugongewa mlango. Wiki ya kwanza nililala na viatu karibu na mto. Hakuja mtu. Tulisikia kuwa Bi amekwenda kwao Makunduchi kupumzika, kisha tukasikia hatorudi, na kofia aliyoshonewa mheshimiwa ilibaki kwetu nusu. Mdogo wake hakukamatwa. Wale wa mwezi uliofuata, sijui kama walivuka.

Mashine ya spika nne ilikaa chumbani kwetu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpa bila ya kuulizwa. Mama aliifunika kwa kanga mbili. Mbele ya mashine ile hakusema neno. Chumvi ikiisha, alinivuta mkono mpaka kwenye kiwanja cha jikoni, akanong'ona kuwa chumvi imekwisha. Siku moja nilizikata waya zote mbele ya macho yake, nikafungua spika moja, nikamwonyesha karatasi, koili na sumaku, nikamwambia angalia, hakuna kitu.

"Hata sikio ukilipasua," mama akasema, "utakuta nyama tu."

Na mimi nilijua kuwa ana haki. Mashine ile kweli ilikuwa ikisikia.

Mwaka mmoja ulipita hivi. Kisha msafiri aliyetoka Mombasa alituletea kanga iliyokunjwa, na ndani ya kanga palikuwa na kaseti. Nilikuwa na mashine ya mteja dukani, nikaipandisha. Alikuwa ni kaka. Aliita, "Mama?" halafu akanyamaza kidogo, kama aliyekuwa anamwona mbele yake anangojea ajibu.

"Naam, mwanangu," mama akasema, na papo hapo akajiziba mdomo kwa kiganja.

Kaka alizungumza mpaka upande mmoja ukaisha. Hali yake, kazi yake, chakula cha huko ambacho hakina nazi ya kutosha. Mwisho alimwomba mama kitu kimoja, aseme naye upande wa pili, chochote, hata amtukane, lakini aisikie sauti yake. Niliigeuza kaseti, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaiweka mashine juu ya mkeka mbele ya mama. Mama aliitazama. Machozi yalikuwa yakimshuka na mkono haukutoka mdomoni. Mimi nikimwashiria aseme, yeye akaniashiria ninyamaze. Tulikaa hivyo upande mzima, nusu saa, sisi wawili na kile kidude kinachozunguka, na nje mtu anapita anauza mihogo. Niliipeleka kaseti ile kama ilivyo, kwa mkono wa msafiri yule yule.

Jibu la kaka lilikuwa karatasi, mstari mmoja. Aliuliza kama mama amekufa na mimi ninamficha.

Nilimsomea mama kwa sauti ya chini, kiwanjani kwenye jiko. Kisha akaniomba kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, maneno yaliyojaa nusu ya ukurasa: kuwa yeye mzima, kuwa amemsikia, kuwa asimtake aseme tena kwa sababu kuna wanaosikiliza. Akainua uso akaniuliza, "Si ndivyo? Si wanasikiliza?"

Tulikuwa peke yetu, mchana, mlango umefungwa. Hapakuwa na wa kumwogopa. Nikamwambia ndivyo, mama, nikaichukua karatasi ile nikaenda kutafuta bahasha.